Muda Ni Wetu, Dhamana Ni Yenu: Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Skauti na Elimu

Kwa:
Skauti Mkuu na Makamishna wa Chama cha Skauti Tanzania,
Ofisi ya Rais – TAMISEMI,
Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Wakurugenzi na Maafisa Elimu wa Halmashauri.

YAH: MAZINGIRA YA VIONGOZI WA SKAUTI WANAOJITOLEA KATIKA SHULE ZA UMMA

Ndugu Viongozi,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi cherehani mkoani Tanga na ni kiongozi wa kundi la skauti katika shule ya msingi ya umma. Si mwalimu wala mtumishi wa halmashauri, sijawahi kulipwa kwa kazi hii na siombi kulipwa. Nalitanguliza hilo kwa sababu kiongozi wa kujitolea akifungua kinywa kwenye kikao, wengi hudhani tayari wanajua anachotaka, nacho ni posho. Barua hii haihusu posho. Inahusu mambo ambayo mtu anayejitolea hawezi kuyatenda hata akitaka, kwa kuwa hana mamlaka nayo: kutoa ruhusa ya safari, kukata bima, kuthibitisha nani anafaa kukabidhiwa watoto, na kuamua watoto hao watatumika wapi na kwa saa ngapi. Muda tumeutoa kwa hiari yetu. Dhamana ni yenu, na kwa sasa sehemu kubwa ya dhamana hiyo imewaangukia watu ambao baadhi yao hawana hata barua ya utambulisho.

Kwa asiyeifahamu kazi yenyewe, nieleze kidogo. Kundi letu hukutana alasiri, mara moja kwa wiki, vipindi vya darasani vikiisha. Wapo Kabu, ambao ndio wadogo, na wapo Junia, wale wanaokaribia kumaliza darasa la saba. Hufundishwa mafundo ya kamba, huduma ya kwanza, kusoma ramani na dira, kuwasha moto na kuuzima, kupika, kusimamisha hema, na zaidi ya yote kuongozana wenyewe kwa wenyewe katika vikosi vidogo. Hili la mwisho ndilo kiini cha uskauti tangu Agosti 1907, Robert Baden-Powell alipowapeleka wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea huko Uingereza na kuwagawa katika vikosi vinne, kila kikosi na kijana wa kukiongoza. Wavulana 20 tu, tena chini ya uangalizi wa karibu. Katika shule nizijuazo mimi, mtu mzima mmoja hukabidhiwa watoto themanini au zaidi, na akiugua siku hiyo basi hakuna skauti.

Siku ya skauti mimi hufunga duka mapema. Mteja akikuta kufuli mlangoni huenda kwa fundi mwingine, na hiyo ni hasara niliyoichagua mwenyewe, simlaumu mtu. Ninacholalamikia ni kikao kuitishwa usiku kwa ujumbe wa WhatsApp, kifanyike asubuhi inayofuata, tena Januari, wakati kila fundi ana rundo la sare za shule ambazo wazazi wanazisubiri mlangoni. Mwenye kuitisha kikao hicho ameajiriwa, na saa anazokaa kikaoni zimo ndani ya mshahara wake. Taarifa ya wiki moja isingemgharimu chochote.

Nije kwenye ruhusa, maana hapo ndipo nguvu zetu nyingi huishia. Tuseme tunataka kuwapeleka Junia kwenye Mapango ya Amboni, kilomita nane hivi kutoka mjini Tanga, waende kwa miguu asubuhi na kurudi kwa gari alasiri. Barua huanza kwa mwalimu mkuu, hupanda kwa Afisa Elimu Kata, kisha kwa Afisa Elimu wa halmashauri, na pengine hutakiwa imfikie Mkurugenzi. Sambamba na njia hiyo kuna ya pili, ya uskauti wenyewe, kupitia kwa kamishna wa wilaya, na kwa kamishna wa mkoa ikiwa mtavuka mpaka wa wilaya. Ya tatu ni ya kule mnakokwenda: ofisi ya mtaa au ya kijiji, polisi, na zahanati iliyo jirani. Kila ngazi, ukiitazama peke yake, ina sababu ya kuwapo, na mimi nisingependa hata moja iondolewe. Mtoto wa mtu hachukuliwi kienyeji. Shida ni kwamba njia hizi tatu hazisemezani, hakuna ngazi inayofungwa na muda wa kujibu, na anayezunguka na karatasi ni yule yule aliyefunga duka lake. Nimeshuhudia barua ikirudishwa kwa kukosa sahihi ya ofisi ambayo nayo ilikuwa ikisubiri sahihi ya ofisi iliyoirudisha.

Matokeo yake mnayajua. Jibu hutoka Ijumaa jioni kwa safari ya Jumamosi alfajiri, au halitoki kabisa, na kiongozi hubaki kuamua kama atawavunja moyo watoto waliojiandaa kwa mwezi mzima au ataondoka bila karatasi huku akimwomba Mungu. Wapo wanaoondoka bila karatasi. Siku zikipita salama hakuna anayeuliza, na baadhi ya picha za safari hizo huonekana baadaye kwenye taarifa za utekelezaji. Likitokea la kutokea, mtu wa kwanza kuulizwa kibali atakuwa yule ambaye barua yake ilikaa kwenye jalada wiki tatu.

Tazameni michezo ya shule. Unapofika wakati wa UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya shule za msingi na za sekondari, ratiba hutangazwa, walimu wanaoambatana na watoto huandikiwa barua, magari hupangwa, na hakuna kocha anayetembea ofisi hadi ofisi akiomba timu yake iruhusiwe kuondoka. Uwezo wa kupanga mambo mnao. Sisi tunaomba fomu moja tu kwa safari na kambi za skauti, iwasilishwe mahali pamoja, ipite kwa wahusika wote kutokea hapo, na jibu litoke ndani ya siku kumi na nne, hata kama ni la kukataa. Jibu la kukataa lililokuja mapema lina manufaa kwetu kuliko kukubaliwa usiku wa kuamkia safari.

Suala la fedha za kambi ni gumu zaidi, na ofisini watu hulizungumza kwa sauti ya chini. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, na Rais John Magufuli alipopiga marufuku michango katika shule za umma Januari 2018, wazazi wengi tulishukuru. Watoto walikuwa wakirudishwa nyumbani kwa sababu ya michango ya kila jina, na amri ile ilikomesha uonevu uliokuwa ukifanyika mchana kweupe. Siandiki ili michango ya lazima irudi. Lakini kambi ya siku tatu inahitaji mchele, maharage, mafuta, mkaa, maji na nauli, na katika fedha za ruzuku zinazofika shuleni mimi sijaona fungu la skauti. Wazazi hukutana, hukubaliana kwa hiari yao kiasi kinachowezekana, kisha huuliza kilipwe wapi. Mwalimu mkuu, kwa hofu ninayoielewa kabisa, hujibu kwamba shule isihusishwe. Hapo fedha hutumwa kwenye simu ya kiongozi.

Naomba jambo hilo mlitafakari kwa utulivu. Fedha za wazazi wengi hukaa kwenye akaunti ya simu ya mtu binafsi, zikichanganyika na malipo ya wateja wake, hakuna stakabadhi, hakuna mkaguzi, na hakuna kumbukumbu yoyote ofisini. Aliye mwaminifu hana namna ya kuuonyesha uaminifu wake isipokuwa daftari aliloandika kwa mkono wake mwenyewe, na asiye mwaminifu ameachiwa mlango wazi. Mimi hubandika hesabu zangu kwenye ubao wa matangazo kila kambi inapomalizika, na bado yapo maneno mtaani kwamba yule fundi amenunua cherehani ya umeme kwa hela za watoto. Mwenye biashara ndogo akishapakwa maneno ya namna hiyo hayamtoki upesi. TAMISEMI ingeweza kulimaliza hili kwa waraka mmoja unaoeleza kwamba mchango wa hiari kwa shughuli za nje ya darasa, ukishaidhinishwa na kamati ya shule, ulipwe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo kama zinavyolipiwa huduma nyingine za serikali, na kwamba hakuna mtoto atakayeachwa nyumbani kwa sababu mzazi wake hana cha kuchangia. Kipengele hicho cha mwisho kiandikwe kwa herufi kubwa, kwa sababu ndicho kitakachosahaulika kwanza.

Kuhusu usafiri sina haja ya kueleza mengi. Mei 6, 2017, ajali ya basi huko Karatu ilichukua uhai wa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva, waliokuwa wakienda kufanya mtihani katika shule nyingine. Tangu wakati huo mzazi akikabidhiwa fomu ya safari huuliza kwanza gari ni la nani na nani amelikagua, na mimi sina jibu la kumpa zaidi ya kusema kwamba dereva namfahamu. Askari wa usalama barabarani akalikague gari asubuhi ya safari, hilo liwe sehemu ya kibali chenyewe. Na kila skauti aliyelipiwa ada ya uanachama awe na bima ya ajali ya kundi, iliyokatwa na chama kwa nchi nzima. Kwa wanachama wengi namna hii, gharama kwa kila mtoto itakuwa ndogo. Leo mtoto akiteguka mkono kambini, kiongozi hulipa dirishani hospitalini kwa fedha zake, kisha jioni humtafuta mzazi kumweleza.

Sasa niingie kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote, nalo ni matumizi ya watoto hawa kwenye sherehe. Mwenge wa Uhuru unapopita, kiongozi wa kitaifa anapotembelea mkoa, Siku ya Mtoto wa Afrika inapoadhimishwa Juni 16, simu hupigwa: tunahitaji skauti hamsini, wawe na sare kamili, saa kumi na mbili asubuhi wawe uwanjani. Kushiriki sherehe za taifa ni heshima, na watoto wenyewe huifurahia. Anayewanyima nafasi hiyo hawatendei haki. Lakini kinachofuata baada ya simu hiyo hakina heshima. Watoto hupangwa kandokando ya barabara washike kamba kuzuia watu wazima wanaosukumana. Husimama juani tangu asubuhi hadi mgeni afike, na mgeni huchelewa. Maji huja mchana, ikiwa yatakuja. Anayezimia hubebwa na wenzake, na watazamaji husifu kwamba skauti wanajua huduma ya kwanza. Kwa Ramadhani na hali ya hewa ya pwani yetu, sihitaji kuendelea.

Kosa hili limetokana na dhana kwamba skauti ni aina ya mgambo wa bei nafuu. Baadhi yetu viongozi tumeichochea dhana hiyo kwa kupenda gwaride kuliko mafunzo, na wako wanaotaka watoto wawaite afande. Mtoto wa miaka kumi na mmoja hana kazi ya kuzuia umati. Kazi hiyo ni ya polisi, nao wanalipwa na wamefunzwa. Skauti anaweza kuongoza wageni kwenye viti, kugawa maji, kuokoteza takataka baada ya sherehe, kumpeleka mzee kwenye kivuli, kupandisha bendera, na hayo yote ni uskauti kamili. Ombi langu ni kwamba ofisi yoyote inayowataka watoto wetu iandike barua wiki moja kabla, itaje idadi, kazi na saa, itaje pia nani analeta maji, chakula na usafiri, na kiongozi wa kundi awe na haki ya kukataa bila kuambiwa kwamba hana uzalendo. Siku za mitihani zisiguswe.

Lipo jingine ambalo watu hawapendi kuliandika, nami nitaliandika kwa sababu mimi ni mwanamke na wasichana huniambia mambo wasiyowaambia wengine. Wasichana ni sehemu kubwa ya makundi yetu, ila viongozi wanawake ni wachache mno. Kambi isiyo na kiongozi mwanamke haipaswi kulala usiku, na bado zipo zinazolala. Pamoja na hayo, njia ya kuingia katika uongozi imekuwa nyepesi kupita kiasi: mtu huja na skafu shingoni, akasema alikuwa skauti mkoa mwingine, na kwa kuwa tuna upungufu tunampokea kwa mikono miwili. Hakuna anayepiga simu kule alikotoka. Wengi wao ni watu wema. Mfumo unaotegemea wema wa mgeni usiyemjua, hata hivyo, haumlindi mtoto.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inamwajibisha mwanajamii yeyote mwenye taarifa za mtoto kuvunjiwa haki zake kuzifikisha kwenye mamlaka ya serikali za mitaa. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto ipo na ni bure, Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi, na maafisa ustawi wa jamii wapo. Kiongozi wa skauti hukutana na mambo haya kabla ya wengi, kwa sababu mtoto aliyekaa kimya darasani mwaka mzima huweza kuzungumza usiku wa kwanza wa kambi, akiwa anaosha sufuria. Anazungumza na nani? Na fundi cherehani, muuza dawa, kijana Rova, yaani skauti wa rika la juu, anayesubiri ajira. Hatujafundishwa tuseme nini wakati huo, tusiseme nini, tuandike wapi, na ni nani atakayetulinda tukishataja jina la ndugu mwenye heshima mtaani. Shirika la uskauti duniani lina mafunzo ya ulinzi wa mtoto yanayopatikana kwenye intaneti. Yatafsiriwe vizuri kwa Kiswahili, yafundishwe ana kwa ana katika kila wilaya na afisa ustawi wa jamii akiwapo, na asiyeyapitia asikabidhiwe watoto, hata awe na cheo gani. Kila kiongozi athibitishwe na serikali ya mtaa anakoishi na polisi, jina lake liingie kwenye orodha ambayo mwalimu mkuu anaweza kuiangalia, na watu wazima wasiopungua wawili wawepo kila shughuli. Nikiambiwa nichague ombi moja tu katika barua hii yote, nitachagua hili.

Mafunzo mengine nayagusa kwa haraka. Kozi za uongozi, hadi ile ya juu ya Wood Badge iliyoanzishwa Gilwell, Uingereza, mwaka 1919, ni nzuri na zina hadhi. Ila anayetoka Tanga kwenda kwenye kambi ya chama ya Bahati, Morogoro, kwa njia ya Segera na Chalinze, hulipa nauli yake, ada yake na chakula chake, na kwa siku zote hizo biashara yake imefungwa. Wanaofika juu kwa utaratibu huo ni wenye mishahara. Kozi za awali zisogezwe wilayani, mwisho wa wiki, na walimu wetu wa shule wenye vyeti hivyo wakihamishwa kituo, taarifa itolewe mapema ili kundi lisife. Nimeona kundi zuri likifa ndani ya muhula mmoja baada ya mwalimu mmoja kuhamishwa, na mahema yakaozea stoo.

Mtaniuliza, kwa nini basi hatuachi? Wengine wameacha, na hawakuandika barua. Sisi tuliobaki tunaona mtoto aliyekuwa hawezi kutaja jina lake mbele ya watu akipanga zamu za kupika za wenzake saba na kusikilizwa, na kwa hilo tuko radhi kufunga duka mapema. Karatasi, bima na ulinzi wa watoto hao ni kazi za ofisi zenu.

Likizo ya Juni haiko mbali, na maombi ya kambi yetu tutayawasilisha mapema kwa njia zote tatu kwa siku moja, yakiwa na orodha ya watoto, ratiba, majina ya viongozi wawili wanawake na wawili wanaume, na makadirio ya gharama. Tunaomba jibu la maandishi kabla wazazi hawajaanza kununua vifaa. Waraka kuhusu michango ya hiari na utaratibu wa kuwathibitisha viongozi tunaelewa vitachukua muda zaidi. Kwa hayo tunaomba mtutajie ofisi moja na afisa mmoja tutakayekuwa tukimfuatilia, ili kila anayefika na suala hili asianze upya mapokezi.

Wenu katika uskauti,

Kiongozi wa kundi la skauti, shule ya msingi,
Mkoa wa Tanga

Nakala: Wenyeviti wa kamati za shule, Maafisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri.